Jaribu Lililokuja kwa Sura ya Habari Njema: Yeremia 28 na 29

Ni vigumu Mkristo wa Afrika Mashariki amalize mwaka bila kukutana na Yeremia 29:11. Utauona kwenye kioo cha nyuma cha daladala, utausikia kwenye risala ya mahafali, na usiku wa mkesha wa mwaka mpya utatangazwa kuwa ndilo neno la mwaka: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho." Mimi nafundisha Agano la Kale, na sidhani kama kuna mstari mwingine ninaoombwa kuuhubiri mara nyingi kama huo. Naupenda, lakini naona umeng'olewa kutoka katika mabishano yaliyouzaa, na ukishang'olewa humo huweza kutumiwa kusema jambo lile lile ambalo uliandikwa kulipinga. Mstari huo umo katika barua ambayo nabii Yeremia aliwaandikia mateka wa Yuda walioko Babeli. Barua hiyo ilijibu ahadi nyingine, iliyokuwa tamu zaidi na ya haraka zaidi, na waliosikia ahadi zote mbili walilazimika kuchagua moja bila kujua mwisho wake. Hapo ndipo imani yao ilipojaribiwa.

Mwaka 597 KK Nebukadreza, mfalme wa Babeli, aliuteka mji wa Yerusalemu. Tarihi ya Babeli, iliyoandikwa kwenye kibao cha udongo ambacho leo kimo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, inautaja ushindi huo pamoja na mwezi na siku yake, na kuongeza kwamba aliweka huko mfalme amtakaye. Mfalme huyo ni Sedekia. Aliyemtangulia, kijana Yekonia ambaye pia huitwa Yehoyakini, alipelekwa Babeli pamoja na mama yake, wakuu, mafundi na wahunzi, na vyombo vya hekalu vikachukuliwa. Yerusalemu wenyewe haukubomolewa. Hekalu liliendelea kusimama, sadaka ziliendelea kutolewa, na ukoo wa Daudi ulikuwa bado kwenye kiti cha enzi. Msomaji wa leo anajua kwamba moto ungekuja miaka kumi hivi baadaye, lakini wao hawakujua. Waliishi katika kipindi kile kigumu ambapo pigo moja limekwisha kuanguka na hakuna awezaye kusema kama ni la mwisho.

Tena dalili za kutia moyo zilikuwapo. Tarihi ile ile inaeleza kwamba katika mwaka wa kumi wa Nebukadreza uasi ulizuka ndani ya Babeli kwenyewe, naye akawaua wengi katika jeshi lake. Si ajabu kwamba baada ya hapo tunawakuta Yerusalemu wajumbe wa Edomu, Moabu, Amoni, Tiro na Sidoni, waliotajwa katika Yeremia 27:3. Maandiko hayasemi waziwazi walikuja kujadili nini, ila ni rahisi kukisia kwamba ni kuivua nira ya Babeli. Yeremia aliwatokea akiwa na nira ya mti shingoni, akawaambia wamtumikie mfalme wa Babeli wapate kuishi.

Katika mwezi wa tano wa mwaka wa nne wa Sedekia, Hanania mwana wa Azuri, mtu wa Gibeoni, alisimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote. Alitumia maneno yale yale ya kufungulia ambayo Yeremia huyatumia, kwamba BWANA wa majeshi, Mungu wa Israeli, asema hivi. Alisema nira ya mfalme wa Babeli imekwisha kuvunjwa, na kwamba kabla ya kutimia miaka miwili kamili vyombo vya hekalu vitarudi, naye Yekonia na mateka wote watarudi. Sura nzima inamwita nabii, kama inavyomwita Yeremia. Yeyote aliyekuwa uani siku hiyo aliwaona manabii wawili wa Mungu mmoja, wanaotumia jina moja, wakisema mambo yasiyopatana.

Wanafunzi wangu wengi huingia darasani wakimdhania Hanania kuwa tapeli aliyetafuta sadaka za watu. Sura ya 28 haisemi hivyo, nami naona tukimfanya mwovu wa mchezo tutakosa somo lenyewe. Hanania alikuwa na Maandiko upande wake. Karne moja kabla yake, Isaya aliwatangazia watu wa mji ule ule kwamba nira ya Ashuru itatoka shingoni mwao (Isaya 10:27), na mwaka 701 KK Senakeribu aliuzunguka Yerusalemu asiuchukue. Mtoto yeyote wa Yerusalemu alikuzwa kwa simulizi hiyo. Hanania alichukua neno la kweli la Mungu, lililokwisha kuthibitishwa na historia, akalipaka juu ya hali ambayo Mungu hakulisemea. Alikuwa na wimbo sahihi katika ibada isiyo yake, kama wasemavyo wanakwaya. Zaidi ya hayo, habari za kisiasa zilimuunga mkono na watu walitamani asemacho kiwe kweli.

Yeremia naye alitamani. Jibu lake la kwanza ni "Amina": BWANA na atende hivyo, na ayatimize maneno yako. Wafafanuzi wengine huisikia kejeli hapo. Mimi siisikii, kwa sababu mtu huyu ndiye aliyelia katika sura ya 9 akitaka macho yake yawe chemchemi ya machozi kwa ajili ya watu wake, na hakuwa na sababu ya kufurahia kifungo chao. Alikumbusha tu kwamba manabii wa zamani walitabiri vita, mabaya na tauni, na kwamba anayetabiri amani atajulikana kuwa ametumwa neno lake litakapotimia. Hanania akaichukua nira shingoni mwa Yeremia, akaivunja mbele ya watu. Kisha mwandishi anatuambia jambo ambalo wahubiri hulipita haraka: nabii Yeremia akaenda zake. Hakuwa na jibu tayari. Neno la Mungu kwamba mahali pa nira ya mti patakuwa na nira ya chuma lilimjia baadaye, pamoja na hukumu juu ya Hanania, ambaye alikufa mwezi wa saba wa mwaka huo huo.

Sasa mwamini wa kawaida afanye nini kati ya siku hiyo na kutimia kwa miaka miwili? Kumbukumbu la Torati 18:22 inampa kipimo: neno lisipotimia, BWANA hakulinena. Ni kipimo cha haki, lakini hujibu kwa kuchelewa, wakati mtu anatakiwa aamue leo kama atapanda shamba au atafunga mizigo. Ndiyo maana nalisoma pamoja na sura ya 13 ya kitabu hicho hicho, inayokwenda mbali zaidi. Inasema kwamba hata ishara ya nabii ikitokea kweli, naye akawavuta watu kuifuata miungu mingine, wasimsikilize, kwa kuwa BWANA anawajaribu apate kujua kama wanampenda kwa moyo wote. Hanania hakuhubiri miungu mingine, kwa hiyo sheria hiyo haimgusi moja kwa moja. Hata hivyo inatufunulia kwamba Torati inalitambua jaribu lisilokuja kwa njia ya msiba. Tumezoea kuhesabu ugonjwa, njaa na kufiwa kuwa majaribu, na ni sawa, ila ujumbe unaotupendeza nao hutuuliza kama tunamtaka Mungu au tunautaka mwisho wa shida yetu.

Ndipo inakuja barua. Ilibebwa na Elasa mwana wa Shafani na Gemaria mwana wa Hilkia, wajumbe waliotumwa na Sedekia kwa Nebukadreza, na ilikuwa inawaendea watu ambao huko Babeli nako walikuwa na manabii wa kuwaahidi kurudi upesi. "Jengeni nyumba, mkakae ndani yake, kapandeni bustani, mkale matunda yake." Oeni, zaeni wana na binti, waozesheni. Kisha agizo ambalo naamini lilikuwa gumu kuliko yote: uombeeni kwa BWANA mji ule mliopelekwa, kwa maana katika amani yake ninyi mtapata amani. Baada ya hapo ndipo inatajwa miaka 70, na mstari unaofuata mara moja ndio wetu wa daladala. Zaburi 90 huihesabu miaka 70 kuwa umri wa mtu. Baba wa miaka thelathini aliyesomewa barua hiyo alielewa kwamba yeye harudi. Tumaini lilikuwa la kweli, na lingewafikia wajukuu wake.

Udongo wa Babeli umetuhifadhia kidogo ya maisha hayo. Kati ya vibao vilivyochimbuliwa na Robert Koldewey na kuchapishwa na Ernst Weidner mwaka 1939, vipo vinavyoorodhesha posho ya mafuta kwa Yaukinu mfalme wa Yahudu (yaani Yuda), ambaye ndiye Yekonia, na sila mbili na nusu kwa wanawe watano. Sila ni kipimo kinachokaribia lita. Kimoja ni cha mwaka 592 KK, yaani karibu na ukomo ule alioutangaza Hanania, na mfalme bado anapimiwa mafuta ugenini. Hakurudi kamwe, kitabu cha pili cha Wafalme kinamwacha akila mezani pa mfalme wa Babeli. Vibao vingine, vilivyochapishwa mwaka 2014 na Laurie Pearce na Cornelia Wunsch, vinatoka katika makazi yaliyoitwa Al-Yahudu, na cha kwanza ni cha mwaka 572 KK. Ni hati za kawaida kabisa, zenye madeni ya shayiri, kodi ya mashamba ya mfalme na mikataba ya tende, zikitaja watu ambao majina yao yana jina la BWANA ndani yake. Siwezi kudai kwamba waliisoma barua ya Yeremia, lakini waliishi kama watu waliopanda bustani.

Barua haikupokewa kwa shukrani. Shemaya Mnehelami aliandika kutoka Babeli kwa kuhani Sefania akitaka kujua kwa nini Yeremia hajafungwa, na shtaka lake ni kwamba nabii amewaambia mateka kuwa kifungo kitakuwa cha siku nyingi. Maneno ya mstari wa 11 yalimo ndani ya barua hiyo hiyo iliyomkasirisha.

Yakobo anapoandika kwamba kujaribiwa kwa imani huleta saburi, anawaandikia makabila waliotawanyika. Na Petro, anayeifananisha imani na dhahabu ijaribiwayo kwa moto, anawaita wasomaji wake wageni wa Utawanyiko na kumaliza kwa salamu kutoka "Babeli". Wote wawili wanahesabu kwamba kungoja kutakuwa kurefu.

Basi, huniuliza watu, mstari huo si wetu tena? Ni wetu kwa namna ulivyokuwa wao: pamoja na bustani ya mstari wa 5, mji wa mstari wa 7, miaka ya mstari wa 10, na maombi ya mstari wa 12 na 13, ambapo Mungu anaahidi kusikia na kuonekana kwa wamtafutao kwa moyo wote hata kabla hawajarudi. Anayengoja ajira, uponyaji au mtoto simwambii kwamba atangoja miaka 70, wala simwambii kwamba mwaka huu hautaisha kabla hajapata, kwa sababu mstari huo haumpi mtu yeyote tarehe yake binafsi. Na mchungaji anaponialika niuhubiri usiku wa mkesha, humwomba kwanza usomwe wote kuanzia 28:1 hadi 29:14, mistari 31, ili waumini wamsikie Hanania kabla ya kumsikia Yeremia.