Je, wajua? Namba inaweza kuumbuka kuwa si tasa bila kigawo chake kuonekana

Nilipofundisha tuisheni Moshi, niliwaapia wanafunzi kwamba ukisema namba si tasa, yaani inagawanyika kwa namba nyingine zaidi ya 1 na yenyewe, sharti uoneshe kigawo. 91 si tasa? Haya, leta 7 na 13. Huna kigawo, kaa chini. Niliamini hivyo miaka mingi, na nilikuwa nimepotea.

Iliyoniumbua ni namba hii: 147,573,952,589,676,412,927. Ni mbili 67 zilizozidishwa pamoja, ukatoa 1. Mwaka 1644 mtawa Mfaransa Marin Mersenne aliiorodhesha kuwa tasa. Mwaka 1876 mwanahisabati Mfaransa Édouard Lucas akathibitisha kwamba si tasa, bila kutaja kigawo hata kimoja. Vigawo vilikuja 1903, kwa Mmarekani Frank Nelson Cole: 193,707,721 mara 761,838,257,287. (Husimuliwa kwamba Cole alifanya kuzidisha huko ubaoni bila kutamka neno. Msimulizi mkuu, E. T. Bell, alipenda kunogesha, kwa hiyo ipokee kwa tahadhari.)

Sasa Lucas alijuaje? Kosa langu lilikuwa kudhani utasa hukaa ndani ya vigawo tu. La, huonekana hata katika mwenendo wa namba. Nenda Arusha kwa akina mama wauza shanga, uombe bangili ya shanga tano, nyekundu na nyeupe. Ukihesabu kuanzia kwenye kifungo, kuna mipangilio 32. Ondoa miwili ya rangi moja tupu, inabaki 30. Sogeza shanga moja moja kuvuka kifungo: kila mpangilio unazaa mitano tofauti kabla ya kurudi ulipoanza. Kwa hiyo 30 lazima igawanyike kwa 5, na inagawanyika. Ndivyo ilivyo kwa kila idadi ya shanga iliyo tasa.

Jaribu shanga sita. Mipangilio 64, toa miwili, 62. Gawanya kwa 6: inabaki 2! Mpangilio wa nyekundu-nyeupe, nyekundu-nyeupe umewahi kurudi baada ya hatua mbili tu, ukaharibu hesabu. Mtu asiyejua kabisa kwamba 6 ni 2 mara 3 angeona baki hilo na kusema: hii si tasa.

Ila mtihani huu una tundu. 341 ni 11 mara 31, lakini inafaulu kwa rangi mbili bila aibu. Na namba ya Mersenne? Nayo inafaulu! Ndiyo maana Lucas alihitaji mtego mwingine. Katika sura yake ya leo, iliyonyooshwa baadaye na mwanahisabati D. H. Lehmer kwa namba za aina hii ya Mersenne, unaanza na 4, unaizidisha kwa yenyewe, unatoa 2, unagawanya kwa namba unayoichunguza na kubakiza baki tu, kisha unarudia. Kwa 31 (mbili 5 zilizozidishwa pamoja, ukatoa 1) hatua ni 5 toa 2, yaani tatu, na njia ni 4, 14, 8, 0: sifuri, basi ni tasa. Kwa namba yetu ni 67 toa 2, yaani hatua 65, na mwishoni sifuri haitokei: basi si tasa.

Ukitaka kuhakiki kuzidisha kwa Cole, chukua karatasi. Kikokotoo cha simu yangu kilinipa 1.4757 na herufi E, kikaishia hapo.