Ufuatiliaji wa kwenye filamu na taarifa binafsi za mwananchi: ufafanuzi kwa umma

Malalamiko yanayotufikia sisi wa ofisi za ulinzi wa taarifa binafsi kuhusu ufuatiliaji yameongezeka, na mengi kati yake yana sura moja. Mlalamikaji anaeleza kwamba simu yake inamsikiliza, kwamba kamera za barabarani zinamwandama, kwamba kuna mtu mahali fulani anayeona kila anachokifanya, na anaitaka ofisi isimamishe jambo hilo mara moja. Hataji kampuni, hataji tarehe, haambatishi chochote. Hatuna shaka na nia yake njema, wala hatusemi kwamba hofu yake haina msingi. Tatizo ni kwamba hofu hiyo imejengwa na filamu za kusisimua, zile ambamo watu wa kawaida wanakimbizwa na mtambo unaoona yote, na kwa hiyo imeelekezwa mahali ambapo hatari halisi haipo.

Katika filamu za namna hiyo, mtu ambaye hana hili wala lile anapigiwa simu na sauti asiyoijua, anaamriwa aondoke pale alipo, na tangu hapo taa za barabarani, kamera za vituo vya treni na simu za wapita njia zote zinamfuata kana kwamba zinaendeshwa na akili moja. Mtambo mmoja wa namna hiyo haupo. Taarifa za maisha ya mtu zimetawanyika kwa wamiliki wengi: kampuni ya simu, benki, mwenye jengo aliyefunga kamera mlangoni, watengenezaji wa programu zilizomo kwenye simu. Kila mmoja ana kumbukumbu zake na muda wake wa kuzihifadhi, na kila mmoja anawajibika kwa zile alizonazo yeye. Malalamiko yasiyomtaja mwenye kumbukumbu hayana pa kupelekwa, na jambo hili tumelieleza mara nyingi mno.

Simu iliyowashwa haihitaji kudukuliwa ili ijulikane iko wapi. Ili iweze kupigiwa, ni lazima mtandao ujue iko upande gani, na kila inapopiga, kupokea, kutuma ujumbe au kutumia data, mnara ulioihudumia huandikwa pamoja na saa. Programu zinazofanya kazi chinichini hutumia data hata mwenye simu akiwa amelala, hivyo kumbukumbu hizo hujiandika usiku kucha bila yeye kugusa kitu. Usahihi wake hutegemea wingi wa minara: mjini huweza kuwa mita mia chache, na penye minara michache huwa kilomita kadhaa. Ndiyo maana lile tukio maarufu la mkimbizi kuvunja laini yake na kuitupa, huku simu ikibaki mfukoni, halimsaidii kitu. Kila kifaa kina namba yake ya IMEI yenye tarakimu 15, na namba hiyo huonekana kwa mtandao hata laini mpya ikiingizwa. Akitupa vyote viwili na kununua vingine, kisha akawapigia ndugu walewale na kulala mahali palepale, mwenendo wake wenyewe utamtambulisha. Mwaka 2013 watafiti waliochunguza kumbukumbu za minara za watu milioni 1.5 kwa miezi 15 walionyesha kwamba nukta nne tu za mahali na saa zilitosha kumtofautisha mtu mmoja na wengine wote katika asilimia 95 ya watu hao, bila jina wala namba ya simu.

Dhana nyingine inayotuchosha ni kwamba vyombo vya dola vinaweza kufungua simu ya yeyote, wakati wowote, kwa kubonyeza kitufe. Kwa kuwa nyingi za filamu hizi zinatoka Marekani, tuitazame sheria ya huko. Tangu mwaka 1968, polisi wanaotaka kusikiliza mazungumzo katika upelelezi wa jinai wanatakiwa kupata amri ya jaji, na ombi lao ni lazima lieleze kwamba njia nyingine zilijaribiwa zikashindwa, au haziwezi kufaulu, au ni za hatari mno. Amri hiyo haizidi siku 30, na ikihitajika kuendelea huombwa upya. Muda ukiisha, kanda hukabidhiwa kwa jaji, hufungwa kwa lakiri na kuhifadhiwa kwa miaka 10. Aliyesikilizwa hupaswa kuarifiwa ndani ya siku 90 baada ya amri kumalizika, isipokuwa jaji akikubali kuahirisha taarifa hiyo kwa sababu za msingi. Anayesikiliza mazungumzo ya mwingine kinyume cha sheria, awe ofisa au raia, anaweza kufungwa hadi miaka mitano.

Kumbukumbu za minara zilikuwa na ulinzi hafifu zaidi hadi Juni 2018, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua shauri la Carpenter. Wapelelezi walikuwa wamechukua kutoka kampuni za simu nukta 12,898 za mahali alipokuwa Carpenter katika siku 127, bila hati ya upekuzi, na majaji watano dhidi ya wanne wakasema hati hiyo ilihitajika. Upande wa ujasusi una sheria yake ya mwaka 1978 na mahakama yake inayokaa faraghani, na ni kweli kwamba nyaraka alizozitoa Edward Snowden, aliyewahi kufanya kazi katika ujasusi wa Marekani, mwaka 2013 zilionyesha kumbukumbu za simu za mamilioni ya watu zikikusanywa kwa jumla. Bunge lilisitisha ukusanyaji huo kwa sheria ya mwaka 2015. Kwa hiyo hatusemi kwamba dola haifuatilii watu. Tunasema kwamba inapofanya hivyo kwa kupitia sheria hizi kuna karatasi, kuna tarehe na kuna saini, na hapo ndipo uwajibikaji unapoanzia.

Filamu hazionyeshi jambo linalotutia wasiwasi zaidi, pengine kwa sababu halina mbio wala milio ya risasi. Programu ya kawaida, kama ya hali ya hewa au ya mchezo, huomba ruhusa ya kujua mahali simu ilipo, mwenye simu hukubali bila kusoma, na kumbukumbu hizo zinaweza kuuzwa kwa wafanyabiashara wa taarifa, nao wakaziuza kwa yeyote mwenye fedha. Juni 2023 ofisi ya mkurugenzi wa ujasusi wa taifa wa Marekani ilitoa hadharani ripoti iliyokiri kwamba vyombo vya huko vinanunua taarifa za namna hii sokoni. Taarifa ambayo ingehitaji hati ya jaji ikichukuliwa kutoka kampuni ya simu inaweza kununuliwa bila jaji kujua, na kisa chote kilianza kwa ruhusa iliyotolewa na mwenye simu mwenyewe. Tunawasihi wananchi wafungue mipangilio ya simu zao leo na kuzinyima ruhusa hiyo programu zote zisizoihitaji kwa kazi yake. Kufanya hivyo kunaleta kinga kubwa kuliko kubandika karatasi juu ya kamera ya simu.

Kuhusu kamera zinazotambua sura, filamu huzionyesha zikimpata mtu katika umati bila kukosea hata mara moja, ilhali madhara yaliyokwisha kuthibitishwa yanatokana na kukosea. Januari 2020, polisi wa Detroit walimkamata mwanamume mmoja nje ya nyumba yake, mbele ya familia yake, kwa sababu programu ililinganisha picha hafifu ya kamera ya duka lililoibiwa saa na picha ya leseni yake ya udereva. Katika mahojiano alionyeshwa picha hiyo ya dukani, akaichukua na kuiweka kando ya uso wake ili wapelelezi waone wenyewe kwamba hawafanani. Alikuwa amekwisha kulala mahabusu, na jumla ya saa alizoshikiliwa zilifikia takriban 30. Mwezi mmoja kabla, taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilikuwa imetoa ripoti ya majaribio ya programu 189, ambamo nyingi zilifananisha kimakosa sura za watu wenye asili ya Afrika na Asia mara 10 hadi 100 zaidi ya sura za Wazungu. Mwanamume yule wa Detroit hakukimbia wala hakuwa na siri yoyote. Anayetuandikia kwamba hana la kuficha na kwa hiyo mambo haya hayamhusu, alisome tena tukio hili.

Wapo watu wa kawaida ambao wanakimbia kweli, na kwao hatuna budi kusema kwa kirefu. Ni wale wanaomtoroka mwenza mkatili. Anayewaandama kwa kawaida ni mtu anayejua nywila ya simu yao, aliyefungua akaunti ya pamoja wakati wa mapenzi, aliyewahi kuishika simu kwa dakika chache na kuweka programu ya upelelezi, au aliyetumbukiza kifaa kidogo cha kufuatilia ndani ya begi au gari. Programu za kijasusi za kiwango cha Pegasus zipo, na zinaweza kuwasha kipaza sauti cha simu bila mwenyewe kujua, lakini ni ghali, huuzwa kwa serikali, na waliobainika kulengwa ni zaidi waandishi wa habari, wanaharakati na wanasiasa. Kinachoweza kumpata mtu wa kawaida ni zile za bei ya chini. Septemba 2021 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza kuipiga marufuku kampuni moja iliyokuwa ikiziuza, pamoja na mkuu wake, kufanya biashara yoyote ya ufuatiliaji. Na tangu Mei 2024 simu za Apple na za Android huweza kumwonya mwenye simu anapoandamana na kifaa cha kufuatilia cha Bluetooth kisicho chake.

Mtu aliye katika hali hiyo asifute kitu kwa haraka. Programu ikiondolewa ghafla, aliyeiweka anatambua kwamba amejulikana, na huo ni wakati wa hatari kubwa. Tena ushahidi unapotea. Atumie simu ya mtu anayemwamini kutafuta msaada, apige picha za anachokiona kwenye skrini pamoja na tarehe, na abadilishe nywila akiwa kwenye kifaa kingine. Jambo hilo alipeleke polisi. Sheria za taarifa binafsi kwa kawaida haziingii katika mambo ya nyumbani kwa mtu, na barua inayoletwa kwetu badala ya kituoni inamchelewesha anayehitaji ulinzi.

Kuhusu kampuni na taasisi, utaratibu upo na unafanya kazi ukifuatwa. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya ulinzi wa taarifa binafsi iliyoanza kutumika Mei 2018, ambayo nchi nyingi zimeichukua kama kielelezo, inampa mtu haki ya kuomba nakala ya taarifa zake bila malipo. Ombi lipelekwe kwanza kwa anayezishikilia, si kwa mamlaka, yaani ofisi ya ulinzi wa taarifa binafsi. Anapaswa kujibu ndani ya mwezi mmoja. Anaweza kuongeza miezi miwili kwa ombi gumu, lakini ni lazima aeleze sababu ndani ya ule mwezi wa kwanza. Anaweza kudai uthibitisho wa utambulisho ikiwa ana mashaka ya msingi, na anaweza kukataa au kutoza ada pale tu ombi linapokuwa dhahiri halina msingi au limepita kiasi. Picha za kamera ziombwe mapema, kwa kuwa mifumo mingi hufuta za zamani baada ya wiki chache na hatuwezi kuamuru itolewe picha ambayo haipo tena. Ombi litaje mahali, tarehe, saa na mavazi, na sura za watu wengine huweza kufichwa kabla ya kukabidhiwa.

Anayezikiuka haki hizi anaweza kutozwa hadi yuro milioni 20 au asilimia 4 ya mapato yake ya mwaka duniani kote, kiasi kilicho kikubwa zaidi kati ya hivyo viwili. Asiyeiarifu mamlaka ndani ya saa 72 baada ya kugundua kwamba taarifa zimevuja, panapokuwa na hatari kwa wahusika, anaangukia ngazi ya chini, yaani hadi milioni 10 au asilimia 2. Mei 2023 mamlaka ya Ireland iliitoza Meta, kampuni yenye Facebook, yuro bilioni 1.2 kwa kuhamishia Marekani taarifa za watumiaji wa Ulaya bila ulinzi wa kutosha, na kiini cha shauri hilo kilikuwa uwezo wa vyombo vya ujasusi vya Marekani kuzifikia taarifa hizo.

Mwezi ukipita bila jibu, hapo ndipo malalamiko huletwa kwa mamlaka, yakiwa na nakala ya ombi, uthibitisho wa siku lilipopokelewa, na jibu lolote lililotolewa. Mlalamikaji asipoelezwa hatua iliyofikiwa ndani ya miezi mitatu, kanuni hiyohiyo inamruhusu kuishtaki mamlaka yenyewe mahakamani.