Maua ya sehemu kame hufa kwa huruma

Mwaka jana niling'oa olianda (kichaka cha maua kinachosifiwa kustahimili ukame) iliyokufa miezi kumi baada ya kuipanda. Ilitoka kwa mkono mmoja, bila jembe. Nilipokung'uta udongo nikakuta mizizi imejiviringa duara, umbo lilelile la kiriba ilimotoka. Juu ilikuwa imenawiri vizuri tu. Chini haikuwahi kwenda popote. Kosa langu: niliinyweshea kidogokidogo kila jioni, kisha nikasafiri wiki tatu.

Tukiambiwa mmea unastahimili ukame, tunadhani mche umekuja na ustahimilivu wote kutoka kitaluni. Kweli, upo kiasi. Jani la olianda ni gumu, lina nta, na matundu yake ya kupumulia yamejificha kwenye vishimo vyenye vinyweleo upande wa chini, upepo mkavu usiyafikie. Lavenda ina manyoya ya kijivu yanayorudisha mwanga wa jua. Waridi la jangwani huweka akiba ya maji kwenye shina nene, na likizidiwa hupukutisha majani na kungoja. Lakini hizo zote ni mbinu za kubana matumizi. Kutafuta maji ni kazi ya mizizi, nayo hufuata maji yaliko. Ukilowesha sentimita tano za juu, itabaki hapohapo, kwenye udongo unaopata joto kuliko wote.

Siku hizi natengeneza beseni la udongo kuzunguka mche, nalijaza taratibu, nangoja linywe, najaza tena. Kisha nachomeka nondo nyembamba: kwenye udongo uliolowa inateleza, ikifika pakavu inagoma. Nataka ishuke sentimita 40 hivi. Baada ya hapo naacha udongo wa juu ukauke kabla ya kurudia. Mchanga hukauka haraka, mfinyanzi hukawia. Mche unavyokua napanua beseni kwenda nje, mizizi ifuate. Mwaka wa kwanza hakuna kusahau, hata kwa mmea sugu namna gani.

Shimo nalichimba pana kuliko kina na kulirudishia udongo wake. Samadi nyingi shimoni huifanya mizizi ibweteke. Mizizi iliyojiviringa naichana kwa kisu, isipokuwa ya bogonvilia: hiyo hukatika ovyo, kwa hiyo nachana kiriba na kuteremsha bonge zima bila kulitikisa.

Bogonvilia ndiyo inayoniletea malalamiko mengi: “Imestawi, haitoi ua hata moja!” Nikienda naikuta kando ya bomba, au kwenye nyasi zinazomwagiwa mbolea ya naitrojeni. Kwa nini ihangaike kuchanua? Zile rangi tunazoziita maua ni majani yaliyogeuka; ua lenyewe ni kile kijineli cheupe katikati. Iache ipate kiu mpaka majani yaanze kulegea, ndipo uinyweshe kwa kina. Rangi hutokea kwenye matawi machanga, hivyo nakata baada ya wimbi moja la maua kwisha.

Matandazo sentimita 5 hadi 8, yasiguse shina. Lavenda naiwekea changarawe, kwa sababu haipendi unyevu shingoni, pale shina linapoingia udongoni.

Nimepanda olianda nyingine, safari hii mbali na watoto na mifugo, maana ina sumu kuanzia jani hadi mzizi. Matawi ninayoyakata siyachomi moto, kwani hata moshi wake una madhara.