"Wa kwetu" haijazwi kwenye fomu

Nilipofika kufungua ofisi, bibi alikuwa ameshakaa kwenye benchi la nje. Pembeni yake mvulana wa miaka kama minane, sare imefuliwa hadi imepauka, bahasha ya kaki mapajani. Shule ilikuwa imewarudisha. Kwenye fomu, mahali pa jina la mzazi au mlezi, palikuwa na jina la mjomba limekatwa, la bibi nalo limekatwa, na kando yake alama ya kuuliza kwa kalamu nyekundu.

"Shikamoo bibi. Huyu mtoto ni wa nani?"

"Marahaba mwanangu. Wa kwetu."

Ikabidi niulize kiofisi. Baba? Alikwenda Mbeya kutafuta maisha, simu haipatikani. Mama? Yuko Dar, anafanya kazi za ndani, akipata hela anatuma. Madaftari na viatu hununua mjomba. Homa ikimshika usiku, anayembeba ni bibi. Nikauliza tena, basi mwenye mtoto hasa ni nani? Bibi akanitazama kama anayemwonea huruma mtu aliyesoma sana. "Si nimekwambia, wa kwetu."

Nimekuwa afisa ustawi wa jamii miaka 11, muda mwingi katika halmashauri za Nyanda za Juu Kusini, na jibu hilo nimelisikia mara nyingi kuliko jina la mtu yeyote. Ndiyo maana kwenye semina, mtu anaposimama kusema familia zimevunjika na ndicho kinachoharibu watoto, mimi huuliza: familia ipi? Ile ya baba, mama na watoto wawili iliyochorwa kwenye bango la kliniki, au hii ya benchini?

Kiswahili chenyewe hakikumwachia mtoto wazazi wawili tu. Kaka wa baba ni baba mkubwa au baba mdogo. Dada wa mama ni mama mkubwa au mama mdogo. Ukimwita mtu mama mdogo umeshampa kazi, hata kama hajaombwa. Na kila kabila lilipanga kazi hizo kivyake. Kwa Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, hivyo sauti ya mjomba ilikuwa nzito kwenye ardhi na hata kwenye ndoa. Kwa Wachagga kihamba, yaani shamba la ukoo, kilipita kwa wana wa kiume, na aghalabu kitinda mimba ndiye aliyebaki na nyumba ya wazazi, pamoja na wazazi wenyewe ndani yake. Ukiitazama vizuri hiyo ilikuwa pensheni. Kwa Wakurya kuna nyumba ntobhu, ambapo mwanamke asiye na mtoto wa kiume humtolea mahari mwanamke mwingine ili azae watoto wa nyumba ile. Unaweza kuipenda au kuichukia mipango hii (ya mwisho sheria ya ndoa haiitambui kabisa), lakini yote ilijibu mambo yaleyale: huyu atalishwa na nani, ardhi ataipata wapi, na akivunja kitu cha watu ataitwa nani.

Kisha ikaja karatasi.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilijaribu kuweka ndoa za kimila, za dini na za serikali chini ya paa moja. Ilikuwa na ujasiri wake: hata wale tunaowaita "sogea tuishi", wakikaa pamoja miaka 2 na majirani wakawajua kama mume na mke, wanaweza kuchukuliwa kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Lakini mtoto wa nje ya ndoa aliachiwa sheria nyingine ya zamani, na kwa sheria ile kiwango cha juu cha matunzo kilikuwa shilingi 100 kwa mwezi. Kiliandikwa pale, kikasahauliwa pale, mpaka shilingi 100 ikawa hela ya andazi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ndiyo iliyofuta aibu hiyo. Leo mahakama ya watoto huangalia kipato na mahitaji, na maslahi ya mtoto ndiyo yanayotangulia.

Sheria hiyohiyo inasema kwamba wazazi wakifariki, wajibu wao unaweza kwenda kwa ndugu kwa amri ya mahakama au kwa utaratibu wa kimila. Nikiisoma huwa nafurahi, maana hapo ukoo umeonekana. Ila baba wa yule mvulana hajafa. Hajulikani alipo tu, na mtoto wa aliyekufa ana njia iliyonyooka zaidi kwenye makabati yetu kuliko mtoto wa baba asiyepokea simu.

Turudi kwa mama. Huko Dar analea watoto wa mtu mwingine. Anawaogesha, anawasindikiza kwenye basi la shule, anajua yupi hapendi maharage. Familia ile ikihesabiwa itaonekana kamili kabisa: baba ana ajira, mama ana ajira, watoto wawili, bima ya afya. Huku kijijini inaonekana familia "isiyo kamili": bibi, mjukuu, hela inayotumwa kwa simu. Ninavyoona mimi hiyo ni familia moja iliyokatwa katikati. Ukamilifu wa ile ya mjini unalipiwa na pengo la hii ya kijijini, na mshahara wa dada wa kazi hautoshi kuliziba. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Kazi ya mke ilihesabiwa siku ile. Ya bibi na ya dada wa kazi bado haijapata shauri lake.

Sasa nije kwenye jambo lililonibadilisha mawazo kuliko yote, nalo si la mahakamani. Ni la sahani.

Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka 5 nchini wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao unavyodai kwa sababu ya lishe duni ya muda mrefu na maradhi. Kwa mkoa, ungetegemea inayoongoza iwe ile ya ukame. Ulioongoza ni Iringa, zaidi ya nusu ya watoto. Nyuma yake Njombe na Rukwa. Hii ndiyo mikoa inayolisha nchi: mahindi, maharage, viazi, maziwa, na siku hizi parachichi za kusafirishwa nje. Na kaya nyingi nilizotembelea huko zilikuwa na baba na mama ndani. Ukiwa na fomu ya kupima "familia imara" zingepata alama zote.

Kinachotokea ndani ni hiki. Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo, linataka kulishwa kidogo kidogo mara nyingi kwa siku, na chakula kizito chenye mchanganyiko. Msimu wa shamba mama anaondoka alfajiri. Mtoto anabaki na dada yake wa miaka saba au minane na sufuria ya uji mwepesi wa mahindi uliopikwa asubuhi. Uji unapoa, unaganda juu, dada anauongeza maji. Mchana mtoto analia, anapewa tena uleule. Jioni mama anarudi amechoka na kuni kichwani, ugali unaiva mtoto keshalala. Maharage yapo, lakini gunia ni la kuuza, na mwenye kauli juu ya gunia ni baba. Yapo mengine pia, maji machafu na kuhara, mjamzito asiyepumzika, ulanzi (pombe ya mianzi) wakati wa msimu wake. Lakini mimi nilikuwa naingia nyumba baada ya nyumba nakuta chakula kipo na wazazi wapo. Kilichokosekana ni saa za mtu mzima.

Na sisi tulikuwa tunafanya nini? Tunamwita mama kliniki, tunampa somo la makundi ya vyakula. Anaitikia vizuri tu. Amelisikia somo hilo kwa watoto watatu. Hatukuwahi kumuuliza nani anashika kijiko saa sita mchana. Katika kijiji kimoja tulikuja kuwaita mama wakwe na mabibi, na siku ya kwanza bibi mmoja akasema waziwazi kwamba alidhani maziwa ya ng'ombe yanampa mtoto mdogo minyoo, hivyo alikuwa anayazuia mke wa mwanawe akiondoka. Tulikuwa tumemfundisha mama wa mtoto miaka yote ile, na mwenye ufunguo wa kabati hatujawahi hata kumsalimia.

Nisije nikaeleweka kwamba ukoo unatosha kwa kila kitu. Ukimwi uliporipotiwa Kagera mwaka 1983, na miaka iliyofuata, watu waliamini ukoo utawapokea yatima, na kwa kweli uliwapokea. Watafiti walifuatilia watoto 718 wa huko waliokuwa na wazazi wote wawili walipohojiwa kati ya 1991 na 1994, wakawatafuta tena miaka kama kumi baadaye. Waliofiwa na mama kabla ya kutimiza miaka 15 walikuja kuwa wafupi kwa takriban sentimita 2, na shule wameikosa kama mwaka mmoja, wakilinganishwa na wenzao ambao mama zao waliishi. Na hao ni watoto waliopokelewa. Shangazi alikuwepo, bibi alikuwepo, lakini bibi wa miaka 70 mwenye wajukuu wengi na jembe moja ana mwisho wake. Kwa hiyo Zanzibar ilipoanza mwaka 2016 kuwalipa wazee wote wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi, wengi waliiita sera ya wazee. Mimi niliihesabu kuwa sera ya watoto.

Kuna na hili, ambalo wanaosifu ukoo hawapendi nilitaje. "Wa kwetu" ndilo neno linalotumika pia kufunga mdomo. Binti ameharibiwa na ndugu, kesi imefika polisi, dawati la jinsia na watoto, na wiki ya pili familia inakuja na barua: tumelimaliza nyumbani. Limemalizwa kwa mbuzi, au kwa laki mbili alizopewa baba. Shahidi mkuu amehamishiwa kwa mama mkubwa wilaya nyingine. Nimepoteza mashauri ya namna hiyo mengi kuliko niliyoshinda. Ukoo uleule unaompa mtoto kitanda unaweza kumuuza, na afisa anayeingia nyumbani kwa watu akiamini kwamba familia pana ni nzuri tu ni hatari sawa na yule anayeamini ni mbaya tu.

Kingine ninachokitazama sana siku hizi ni kuhama. Huko Marekani profesa Sara McLanahan na wenzake walifuatilia watoto karibu 5,000 waliozaliwa kwenye miji mikubwa kati ya 1998 na 2000, wengi wao wazazi wao hawajaoana. Moja ya mambo yaliyojitokeza ni kwamba mtoto anaumizwa na watu wazima kuingia na kutoka nyumbani, mbali na suala la wazazi ni wangapi. Mazingira ni mengine kabisa, lakini nikisoma nawaona watoto wangu wa kuzungushwa: darasa la kwanza kwa bibi, la pili kwa mjomba mjini, la tatu kwa shangazi kwa sababu mke wa mjomba amechoka, la nne amerudi kwa bibi. Kila nyumba ina kanuni zake, na kila shule inamwona mgeni. Hakuna mwalimu hata mmoja aliyekaa naye muda wa kutosha kujua kwamba haoni vizuri ubaoni.

Ajabu ni kwamba taasisi zinazodai hazimjui mjomba ndizo zinazomtegemea. Wodini chakula kinaletwa na ndugu, na ndugu ndiye anayelala sakafuni kumgeuza mgonjwa. Mirathi ikifunguliwa mahakama ya mwanzo, utaombwa muhtasari wa kikao cha ukoo. Ni mazoea zaidi kuliko sheria, lakini jaribu kwenda bila huo. Ruzuku ya kaya maskini ya TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, inatazama kama watoto wanahudhuria shule na kliniki, na anayewaamsha na kuwapeleka mara nyingi si yule aliyewazaa. Familia ya benchini inahesabiwa pale tu inapotakiwa kubeba mzigo.

Kwa hiyo siku hizi sianzi na "baba na mama wako wapi". Nauliza: jana jioni alikula kwa nani? Akiugua usiku anamwamsha nani? Shule ikiita, anakuja nani, na huyo akisafiri? Majibu huwa ya haraka, na mara nyingine hayaji. Yasipokuja ndipo najua nina kazi, hata kama nyumba ina baba, mama na cheti cha ndoa ukutani.

Yule mvulana majibu yake yalikuja yote. Fomu ilikuwa na mstari mmoja. Nikaandika jina la bibi, mwandiko nikaupinda ukapanda pembeni: mjomba, na namba yake, mama, yuko Dar. Nikagonga muhuri, nikamsomea bibi. Hakuridhika. Alitaka na shangazi aandikwe, kwa sababu ndiye anayemnyoa.