Goti linalouma usiku: maneno ya mtaani kuhusu kansa ya mifupa

Nimeuza dawa miaka kadhaa karibu na stendi ya Moshi, na mteja wa goti hakosekani. Mama anaingia na kijana wa kidato cha pili, anaomba mafuta ya kuchua na vidonge vya maumivu. "Aliangukia goti mpirani," anasema, "halafu huyu anarefuka kama mgomba." Mara nyingi ni kweli, na goti linapona. Kansa inayoanzia kwenye mfupa wenyewe ni adimu, haifikii hata moja katika kila kansa mia. Ndiyo maana maneno ya mtaani yana nguvu: kila mtu amesikia habari za mgonjwa mmoja tu, na kwa huyo mmoja anawahukumu wote.

"Kansa iliingia alipoanguka"

Karibu kila familia ina siku ya kuanguka ya kusimulia. Terry Fox, yule kijana wa Kanada aliyekimbia kilomita 5,373 kwa mguu wa bandia mwaka 1980 akichangisha fedha za utafiti wa kansa, naye alikuwa na yake. Novemba 1976 aligonga gari la mbele, akatoka salama ila goti la kulia likawa linauma. Machi 1977 akaambiwa ana osteosakoma, aina mojawapo ya kansa inayoanzia kwenye mfupa wenyewe. Mwenyewe aliamini ajali ndiyo iliyolidhoofisha goti. Madaktari wake walisema hakuna uhusiano. Kuanguka huwafanya watu walitazame goti ambalo tayari lilikuwa na ugonjwa.

Osteosakoma huwapata zaidi vijana wa miaka 10 hadi 19, na hupenda jirani na goti kwa kuwa hapo ndipo mifupa ya paja na muundi hurefuka kwa kasi. Kwa hiyo hudhaniwa ni maumivu ya kukua. Lakini maumivu ya kukua kwa kawaida hushika miguu yote miwili, huja jioni au usiku, na asubuhi mtoto anaruka kamba kama hajawahi kulia. Mguu mmoja, mahali palepale, wiki baada ya wiki, na uvimbe juu yake: huyo apigwe picha.

"Ukiambiwa kansa ya mifupa, umekwisha"

Ipi? Hapa huwa nagombana na watu. Bibi aliyetibiwa kansa ya titi, sasa mgongo unauma na picha inaonyesha mifupa imeliwa. Mzee mwenye kansa ya tezi dume, nyonga hazimruhusu kulala. Hao kansa yao imehamia mifupani, na inatibiwa kama kansa ya titi au ya tezi dume. Kwa watu wazima hali hii ni ya kawaida kuliko kansa iliyozaliwa mfupani.

Hizo zilizozaliwa mfupani nazo hazifanani. Kondrosakoma, inayotokana na gegedu, ni ya watu wazima. Ile ya daraja la chini, yaani isiyo kali, ikikatwa vizuri, takriban wagonjwa 9 kati ya 10 huwa hai baada ya miaka 5. Ile iliyogeuka kuwa kali kabisa huua wengi ndani ya miaka 2. Jina ni lilelile. Kodoma huota kwenye uti wa mgongo, mara nyingi mwisho wake kabisa au chini ya fuvu, tena polepole, hata mtu akatibiwa kiuno muda mrefu. Adamantinoma hupenda muundi na hutambaa kwa miaka. Sakoma ya Ewing ni ya watoto na vijana, lakini kwa watu wenye asili ya Afrika ni nadra mno. Hata kwa Wamarekani weusi ni hivyohivyo, kwa hiyo si suala la uhaba wa vipimo huku kwetu.

Basi kabla ya kumtabiria mtu, jua aina, daraja, umri, ukubwa wa uvimbe, mahali ulipo (wa nyonga ni mgumu kuliko wa mguu), na kama umefika mapafuni. Na hiyo "miaka 5" ni kipimo cha watafiti tu. Daktari hajampa mtu miaka mitano ya kuishi. Namba nyingi zinatoka kwenye rejista za wagonjwa wa kansa kama SEER ya Marekani, iliyoanza 1973. Mtu wa Same anayefika hospitali uvimbe ukiwa kama nazi asijipimie nazo.

"Ikiguswa na kisu inasambaa"

Dhana hii haifi kwa sababu ina chembe ya ukweli. Kuchukua kinyama cha kupima hakuamshi kansa iliyolala. Ila njia ya sindano au kisu inaweza kubaki na mbegu za ugonjwa, kwa hiyo mpasuaji huipanga ili baadaye aiondoe pamoja na uvimbe. Ikipita mahali pabaya, mguu ambao ungeokolewa unaweza kulazimika kukatwa. Nafahamu kijana wa Arusha ambaye uvimbe wake ulipasuliwa kama jipu kwenye zahanati fulani. Usaha haukutoka, ilitoka damu. Kinyama kichukuliwe na timu itakayofanya upasuaji wenyewe, na kwa huku Kaskazini hilo kwa kawaida ni suala la rufaa, mara nyingi KCMC, hospitali ya rufaa hapa Moshi.

"Alikatwa mguu na bado akafa"

Hutokea. Kabla ya miaka ya 1970 osteosakoma ilitibiwa kwa kukata tu, na waliokuwa hai baada ya miaka 5 hawakufika 2 kati ya 10. Mguu ulipokatwa, wengi walikuwa tayari na mbegu mapafuni, ndogo kuliko picha inavyoweza kuona. Dripu za dawa za kansa, yaani methotreksati, doksorubisini na sisplatini, ndizo zilizopandisha hesabu hadi 6 au 7 kati ya 10 kwa ugonjwa usiosambaa, pale dozi inapokamilika. Anayekatwa mguu halafu akaacha dripu kwa kuwa "kidude kimeshatoka" amerudi zama hizo za zamani.

Kwa wengine mguu huokolewa, na uvimbe ukitoka wote, uhai hautofautiani na wa aliyekatwa. Na kwa wanaosema bora azikwe na mguu wake: chuo cha mafundi wa viungo bandia, TATCOT, kiko hapohapo KCMC.

"Ni maji ya Arusha"

Floridi, madini yaliyomo kwenye maji ya sehemu za Arusha kama Maji ya Chai na Ngurdoto, ipo, na katika vyanzo vingi imezidi sana miligramu 1.5 kwa lita inazoshauri WHO. Hukahawisha meno, na ikikaa mwilini miaka hupinda na kukakamaza mifupa. Kansa ya mifupa ni habari nyingine. Tafiti kwa binadamu hazijathibitisha kuwa inaletwa na floridi.

Na yale mafuta ya kuchua? Kusugua uvimbe usiojulikana ni nini hakuusaidii, na wiki zinapita. Siku hizi kabla sijafungua kabati namuuliza mama: goti moja au yote mawili? Linamwamsha usiku, na asubuhi bado linauma?