Kwa nini mlevi haamini bahati mbaya

Kuna kitu cha saikolojia naweza kukiita kudhania makusudi. Yaani ukitendewa jambo, kabla hujafikiri vizuri, akili ishakwambia huyu kafanya kusudi. Na si walevi peke yao, sote tunayo hiyo, ata watoto wakigongana kwenye mpira utasikia "umefanya makusudi!". Sasa mtu aliye timamu humjia wazo la pili: aah, hakuniona, kuna kiza, kateleza tu. Hilo la pili ndilo lenye kazi, linataka ubongo utulie upime, na ndilo pombe inaloanza kuliondoa.

Chukua mangwe yoyote, yaani kilabu cha pombe ya mnazi, hapa Malindi. Jamaa yuko kwenye benchi, chupa ya mnazi iko chini na mrija wake, mwenzake anapita kwenda kukojoa, mguu unagonga chupa, mnazi chini. Ikiwa ni saa kumi na moja jioni atasema sawa kaka, utanilipa. Saa tatu usiku, mguu ule ule, chupa ile ile: "Wewe wanidharau? Tangu uingie waniangalia vibaya!" Hebu skia hilo "tangu uingie", manake ashaanza kurudi nyuma kukusanya ushahidi, kule kucheka, kule kutomsalimia, vyote vimekua ni vya kumlenga yeye.

Watu husema si pombe, ni tabia yake tu, na mi naona ni nusu ya ukweli. Mwaka 2010 Laurent Bègue wa Ufaransa na wenzake, akiwemo Brad Bushman wa Marekani, walitoa utafiti ambao wanaume walipewa kinywaji wakidhani wanaonja tu, wengine kina pombe wengine hakina, na katika kila kundi wengine wakaambiwa ukweli wengine wakadanganywa. Halafu wakasoma sentensi za vitendo, mfano mtu kafuta barua pepe, waseme ni kusudi au ni bahati mbaya. Waliokunywa pombe yenyewe walisema kusudi zaidi, na kile walichoambiwa hakikubadilisha kitu! Kwa hivyo si suala la kujiona umelewa, ni pombe yenyewe ndani ya kichwa.

Claude Steele na Robert Josephs washaeleza mapema, 1990, kwamba pombe inabana macho ya akili, unaona kilicho karibu na chenye kelele tu. Mnazi uliomwagika uko hapo mbele, lakini kiza, ubanano, na mguu wako mwenyewe uliounyoosha njiani, hivyo havionekani. Ndio maana pia jamaa huyo huyo akichekewa vizuri anakumbatia mtu hamjui ata jina, "huyu ni ndugu yangu damu".

Kwa hivyo kumfafanulia pale pale ni kupoteza mate. Wauzaji wazoefu humpeleka yule mwengine upande wa pili asionekane, wakamuuliza mlevi habari nyengine kabisa. Maneno ya hakukusudia yangoje asubuhi, manake usiku huo mwenzake ata akiapa, kile kiapo nacho ataona ni dharau.