Mgonjwa wa saratani akikaribia kufariki: ishara zinazoonekana mwilini

Je, mwili huonyesha kwamba zimebaki siku chache?

Mara nyingi, ndiyo. Watafiti wakiongozwa na Dkt. David Hui walifuatilia wagonjwa 357 wenye saratani ya hatua za mwisho katika wodi za tiba shufaa (huduma ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso) za hospitali mbili, ya Houston, Marekani, na ya Barretos, Brazili. Walikuwa wakiwakagua kila baada ya saa 12. Mwaka 2015 walitaja ishara 8 zinazohusiana na kifo ndani ya siku 3: mboni za macho kutoitikia mwanga, mgonjwa kutoitika vizuri akisemeshwa, kutoitika vizuri akionyeshwa kitu, macho kushindwa kufumba kabisa, mikunjo ya kutoka puani hadi pembe za mdomo kulegea, shingo kupinda kwa nyuma, kuguna anapopumua, na kutokwa damu sehemu ya juu ya njia ya chakula.

Ishara ya mikunjo ya uso wengi hawaitambui. Mtazame mgonjwa akiwa amelala: ule mstari kando ya pua hufifia na uso hulainika.

Nisipoziona, bado yuko mbali?

La hasha. Zikionekana, uwezekano wa kifo kuwa karibu ni mkubwa. Zisipoonekana, hazikuhakikishii chochote, maana wagonjwa wengi hufariki bila kuzionyesha zote.

Usihukumu kwa ishara moja pia. Mgonjwa aliyekuwa akizungumza jana na leo amechanganyikiwa ghafla huenda ana maambukizi, kalsiamu imezidi kwenye damu, au dawa zimemzidi. Hayo yanaweza kutibika, kwa hiyo daktari amwone kwanza.

Mbona anapumua namna ile?

Hili ndilo huwatisha ndugu kuliko yote. Pumzi huanza ndogo, zikakua, zikapungua tena, kisha kimya. Unahesabu sekunde ukidhani amekata roho, mara anavuta nyingine. Wengine taya hushuka na kupanda kila wanapovuta pumzi.

Kuna pia mkoromo wenye majimaji kooni. Mgonjwa hana tena nguvu ya kumeza wala kukohoa, basi mate na makohozi hukusanyika, na hewa ikipita hutoa sauti. Kwa kawaida mgonjwa aliyekwisha zama usingizini hasumbuki nayo. Anayeumia ni anayesikiliza. Mlazeni ubavu, inueni kichwa kidogo. Muuguzi anaweza kutoa dawa ya kupunguza majimaji hayo. Kuyanyonya kwa mashine mara nyingi humsumbua mgonjwa zaidi ya kumsaidia.

Hali wala hanywi. Tumlazimishe? Tuombe dripu?

Msimlazimishe. Mwili unaofunga kazi hautumii chakula kama zamani, na kinachopita njia isiyo yake huingia mapafuni. Dripu nayo, figo zikiwa zimechoka, inaweza kuongeza uvimbe na ule mkoromo. Najua kukaa bila kumlisha mtu wako ni kugumu. Kazi ipo: lowesheni kitambaa safi mpangusieni midomo na ulimi kila mara, mpakeni mafuta midomo isipasuke.

Mkojo kupungua na rangi yake kukolea, miguu na vidole kupoa na kubadilika rangi, mpigo wa kifundo cha mkono kupotea: damu haifiki tena vizuri pembezoni. Mfunikeni shuka jepesi, basi.

Anatusikia?

Utafiti uliofanyika Kanada na kuchapishwa 2020 ulionyesha kwamba ubongo wa baadhi ya wagonjwa wasioitika bado ulipokea sauti saa chache kabla ya kufariki. Haukuthibitisha kwamba wanaelewa maneno. Mimi ningezungumza naye, na ugomvi wa mirathi ningeupeleka nje.

Morfini itamuua haraka?

Ikitolewa kwa kipimo sahihi cha maumivu, haiharakishi kifo. Kuinyima kwa hofu kunamwacha na maumivu.

Tumwite mhudumu lini?

Mkiona amekunja uso, anahangaika kitandani, anahema kwa shida akiwa macho, anatokwa damu au ana degedege. Anayeuguzwa nyumbani, ulizeni mapema namba ya kupiga usiku, na dawa za dharura ziwepo kabla hazijahitajika.